Je, Wajua? Damu humwambia mwindaji risasi ilikopita
Kulungu aliyepigwa risasi ya mapafu kwa kawaida hakimbii mbali. Damu yake huwa nyekundu ya kung'aa, yenye povu. Damu nzito yenye weusi ni dalili ya ini kupigwa. Ukikuta majani yaliyotafunwa na harufu ya kinyesi, risasi imepita tumboni. Hapo usimfuate upesi: akiachwa kwa saa kadhaa hujilaza karibu, akifukuzwa hutokomea na kufa kwa mateso makali. Ndiyo maana hulengwa nyuma kidogo ya bega, penye moyo na mapafu. Uswidi ina sheria ya kuigwa: anayewinda kulungu lazima awe na uhakika wa kupata mbwa aliyefunzwa kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa, anayeweza kufikishwa hapo alipopigwa ndani ya saa 2.