"Kunoki" na Utambuzi wa Milio ya Injini Kuukuu: Mfano wa Land Cruiser katika Mazingira ya Kinyangiri, Mkalama

Makala hii inafafanua namna milio isiyo ya kawaida inavyotumika kutambua ubovu wa injini kuukuu katika mazingira kama ya Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Mfano unaotumika ni injini ya dizeli ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, iliyoanza kuundwa mwaka 1990. Pale ambapo kipuri hufuatwa mjini, kuifungua injini bila sababu ni hasara kubwa. Kuiacha iendelee kugonga ni hasara kubwa zaidi, kwani konrodi ikikatika huweza kutoboa bloku.

Ugumu wa kwanza ni wa kiistilahi. Kitenzi kunoki kilikopwa kutoka Kiingereza, ambako humaanisha kugonga. Katika Kiswahili cha Tanzania, hata hivyo, maana imehama kutoka kwenye mlio na kuhamia kwenye matokeo yake: injini iliyonoki ni injini iliyokufa. Kwa mantiki hiyo, dereva anayesema "gari limenoki" ametoa hukumu kabla ya kueleza alichosikia. Kwa maoni yangu, tanakali sauti, ambazo baadhi yetu huzidharau kuwa si lugha ya kitaalamu, hubeba taarifa nyingi zaidi: ti-ti-ti na ko-ko-ko hutofautisha mlio mwepesi na mzito, na marudio yake hudokeza kasi.

Kasi hiyo ina maana. Kemshafti huzunguka mara 1 kila krankishafti inapozunguka mara 2. Injini ikiunguruma kwa mizunguko 700 kwa dakika, tapeti moja iliyolegea hugonga mara 350. Beringi ya konrodi iliyolika hufuata mizunguko ya krankishafti yenyewe. Mlio wake ni mzito, hutokea chini, na huzidi gari linapobeba mzigo au oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hufanya kinyume: hupiga asubuhi na kutulia inapotanuka kwa joto. Hivyo swali "linagonga likiwa baridi au likishapata moto?" hutangulia bisibisi ndefu ambayo fundi huigusisha bloku, huku mpini wake ukiwa sikioni.

Dizeli ina mtego wake. Kwa kuwa mafuta huwaka kwa mgandamizo, injini nzima hugonga kiasi hata ikiwa salama, na nozeli inayovuja huweza kutoa mlio mkali unaofanana na wa beringi. Fundi hulegeza nati za paipu za nozeli, moja baada ya nyingine. Mlio ukififia, silinda husika imepatikana. Hata hivyo, jaribio hilo halitoshi, kwa sababu mafuta yakikatwa, mgongo wa konrodi pia hupunguziwa mzigo na beringi mbovu nayo hunyamaza. Njia ya uhakika zaidi ni kuhamishia nozeli hiyo kwenye silinda nyingine. Mlio ukiifuata, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, hufuata kupima presha ya oili na kukata filta yake ili kutazama kama ina chembe za chuma. Zikionekana, gari halipaswi kuwashwa tena kabla sampu haijafunguliwa.