Ushuru wa programu inayotoka ng'ambo

Mzazi anayekuta kwamba programu ya kompyuta aliyoambiwa ni ya Sh2,000 imemtoa Sh2,320 huenda akadhani ameibiwa. La hasha! Hizo Sh320 ni ushuru wa VAT wa asilimia 16, na zinakusudiwa hazina ya serikali ya Kenya, si mfuko wa mwenye duka huko Marekani.

Programu zilipokuwa zikiuzwa katika diski, mambo yalikuwa wazi. Kifurushi kilifika uwanja wa ndege au posta, afisa wa forodha akakikagua na kudai chake. Lakini programu inayopakuliwa haina sanduku la kufunguliwa. Huingia moja kwa moja hadi sebuleni mwako, na afisa wa forodha hana habari. Isitoshe, mwaka 1998 nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kutotoza ushuru wa forodha kwa vitu vya aina hiyo.

Ikabakia VAT, ambayo Kenya iliianzisha mwaka 1990 badala ya ushuru wa mauzo. Muungano wa Ulaya ulianza kuwadai wauzaji wa nje mnamo Julai 2003, na Afrika Kusini Juni 2014. Hapa kwetu sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na kanuni zikaanza kutekelezwa Aprili 2021. Hazikugusa programu pekee, bali pia filamu, muziki, michezo na vitabu vya kupakuliwa.

Je, muuzaji aliye ng'ambo hujuaje kwamba mnunuzi yuko Kenya? Hutazama benki iliyotoa kadi, anwani ya mnunuzi, nambari inayotambulisha kompyuta yake mtandaoni, au laini ya simu. Kisha hutakiwa kuwasilisha fedha hizo kwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Wako wanaosema huku ni kumkamua raia. Mimi naona kuna haki ndani yake. Mtengenezaji programu wa Nairobi aliyesajiliwa kwa VAT hulazimika kuongeza asilimia 16. Kwa nini mgeni amshinde bei kwa sababu tu yuko mbali? Linaloudhi ni jingine: ushuru huu hautofautishi mchezo wa kufyatuliana risasi na programu ya kuchorea majengo anayoihitaji mwanafunzi wa usanifu. Wote wawili hulipa sawa, na mwanafunzi hana pa kudai arejeshewe.

Basi usitazame bei ya kwanza pekee. Wauzaji wengine huongeza ushuru mwishoni kabisa, na wengine huwa wameshauweka ndani ya bei. Katika Sh2,000 za namna hiyo, karibu Sh276 ni VAT. Kanuni humtaka muuzaji atoe risiti inayoonyesha bei na ushuru, kwa hiyo ihifadhi. Ada ya benki ya kubadilisha shilingi kuwa dola ni jambo tofauti.

Ujihadhari zaidi na programu za kulipiwa kila mwezi. Ya Sh1,000 huvuta Sh160 za ushuru kila mara, yaani Sh1,920 kwa mwaka. Kwa kuandika insha na kupiga hesabu, mwanafunzi anaweza kupakua LibreOffice, ambayo ni ya bure. Na pasipo bei, hakuna asilimia 16 ya kuhesabu.