Sendi weji, fimbo isiyogusa mpira

Anayeangukia kwenye banka, yaani shimo la mchanga uwanjani, kwa mara ya kwanza huambiwa na wenzake: "Uchote mpira." Laiti ushauri huo ungefutwa katika kila uwanja wa gofu, kuanzia Muthaiga hadi Lugalo. Sendi weji haichoti. Ikitumika sawasawa katika mchanga, haiugusi mpira hata kidogo. Ndiyo fimbo pekee mfukoni ambayo mchezaji huizungusha kwa nguvu akiwa amekusudia kupiga kitu kingine, yaani mchanga ulio kiasi cha sentimita tano nyuma ya mpira. Mchanga huo husukumwa mbele na juu, na mpira, ambao uzito wake hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, hutoka ukiwa umebebwa nao.

Siri iko kwenye soli. Igeuze fimbo uitazame chini. Fimbo nyingi za chuma zina soli nyembamba, karibu sambamba na ardhi. Soli ya sendi weji ni pana, imetuna, na ukingo wake wa nyuma umeshuka kuliko ule wa mbele. Mwinamo huo wachezaji huuita baunsi na hupimwa kwa digrii. Sendi weji nyingi zina kati ya 10 na 14. Soli ya namna hiyo ikikutana na mchanga kwa kasi, upande wa nyuma ndio unaobeba mzigo. Mchanga huusukuma juu, na fimbo, badala ya kuzama, huparaza na kutokea upande wa pili. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua kanuni hii bila kuisomea: ubao wa ubavuni mwa ngalawa hufungwa kwa mshazari ili chombo kikishika kasi maji yauinue badala ya kuumeza.

Tena baunsi haitulii mahali pamoja. Mchezaji akiufungua uso wa fimbo ukaelekea angani zaidi, ukingo wa nyuma huzidi kushuka na fimbo huparaza zaidi. Akiitanguliza mikono mbele ya mpira, kama wafanyavyo wengi wanaodhani nguvu ndiyo dawa, ukingo wa mbele hushuka, baunsi hufa na chuma huchimba. Mchanga unatimka, mpira umebaki ulipo. Na kwa kuwa nguvu yote hupitia kwenye mchanga kabla ya kuufikia mpira, mzunguko wa kuurusha mita kumi kutoka banka ungeutupa mbali mara mbili au zaidi ukiwa kwenye nyasi. Anayesitasita na kuipunguza fimbo mwendo katikati ya safari hubaki bankani, halafu lawama huangukia kifaa.

Hapo kuna tabia moja inayonivutia kuliko zote. Kanuni zinakataza kuugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira kabla ya kupiga, na hata kuugusa wakati wa kujaribu mzunguko. Kufanya hivyo huleta adhabu. Kwa hiyo mchezaji haruhusiwi kuipima ardhi kwa chombo kitakachoifanyia kazi. Lakini anaruhusiwa kusimama imara, basi huizungusha miguu huku na huku mpaka viatu vizame kidogo. Watazamaji hudhani anajiweka sawa tu. Kumbe anasoma: mchanga ni mwingi au ni tabaka jembamba juu ya udongo mgumu? Ni mkavu au una maji chini? Soli ya kiatu inaisaidia soli ya fimbo kujua kinachoingoja. Kedi (mbeba fimbo) mzoefu huyasoma hayo kwa kutazama tu jinsi viatu vya mchezaji vinavyozama, na ujuzi huo haulipwi ipasavyo katika viwanja vyetu.

Umbo hili lina mwenyewe. Gene Sarazen, Mmarekani aliyezaliwa Eugenio Saraceni mwaka 1902, aliteswa na banka kwa miaka. Kwa simulizi yake, alikuwa ndani ya ndege pamoja na tajiri na rubani Howard Hughes alipoona kwamba mkia ukishuka, pua huinuka. Akawaza: nini kitatokea nyuma ya fimbo ikishuka? Mwaka 1931, huko New Port Richey, Florida, alichukua fimbo yake ya zamani ya mchangani, akayeyushia risasi kwenye soli na kuichonga kwa tupa, akaipeleka mchangani kuijaribu, akairudisha na kuichonga tena. Mwaka 1932 aliibeba hadi mashindano ya Open ya Uingereza kwenye uwanja wa Prince's, Sandwich. Katika siku za mazoezi aliificha asije akazuiwa kuitumia, akaiweka mfukoni kichwa chini, na jioni aliondoka nayo ndani ya koti. Alishinda kwa mikwaju 283. Mwaka uliofuata kampuni ya Wilson ikawa inaiuza.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka 1928 Edwin Kerr MacClain wa Texas alikuwa amepata hataza ya fimbo ya mchangani yenye uso uliobonyea. Mchezaji Bobby Jones aliitumia kujiokoa kwenye banka aliposhinda Open huko Hoylake mwaka 1930. Mwaka 1931 ilipigwa marufuku, kwa kuwa uso wa aina ile ungeweza kuugusa mpira mara mbili katika pigo moja. Na hiyo ndiyo iliyokuwa fimbo ya kuchota kwa kweli! Ilikufa. Iliyobaki ni ya kuparaza, na bado tunafundishana kuchota.

Soli nzuri haifanyi kazi kwenye mchanga mbovu, na hapa nina kinyongo. Baada ya masika banka nyingi za viwanja vyetu hubaki na utandu wa tope uliokauka ukawa mgumu. Baunsi ikigonga hapo hudunda, ukingo wa mbele unaupiga mpira tumboni na mpira unavuka grini yote, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Reki zimevunjika, kokoto zimezagaa (angalau tangu 2019 kanuni zinaruhusu kuziondoa), na hakuna anayeona aibu.

Kibaya zaidi ni kuchota mchanga wa ufukweni ili kujaza banka, eti kwa sababu ni mweupe. Chembe zilizosagwa na mawimbi ni za mviringo. Haziumani, zinateleza, na mpira ukianguka unajizika. Chumvi yake huua nyasi za kandokando. Na ufuo ulionyang'anywa mchanga huliwa na bahari, kasa wakakosa pa kutagia. Chembe zenye pembe, zitokanazo na mawe yaliyopondwa kisha zikaoshwa vumbi, ndizo bora kwa gofu. Uwanja wa Augusta, unaosifiwa kwa weupe wa banka zake, hutumia kwatsi ya Spruce Pine, North Carolina, iliyokuwa takataka ya machimbo ya feldspa. Kama Augusta inaridhika na takataka ya machimbo, sisi tuna sababu gani ya kuzibomoa fukwe zetu?

Wapo waliojifunza mchangani bila fimbo hii. Seve Ballesteros, bingwa wa Kenya Open mwaka 1978, alikulia Pedreña, kaskazini mwa Hispania, akipiga mipira ufukweni kwa chuma namba 3, fimbo iliyonyooka uso na isiyofaa kabisa kwa kazi hiyo. Ilimbidi aulaze uso kwa viganja vyake mwenyewe. Alipokuja kushika sendi weji, mikono ilikuwa imeshajifunza kile ambacho soli hufanya.

Nje ya banka fimbo hii ina kazi tele: pigo fupi la kuuviringisha mpira kutoka ukingoni mwa grini, pigo la juu la kuvuka banka na kutua bila kukimbia, kujinasua kwenye nyasi ndefu, kukaribia shimo kutoka mita sabini au themanini, na kupiga kutoka kwenye ardhi laini ya mvua, ambapo soli nyembamba ingezama.