Safari za mvua na milima: Mzazi, usiiachie breki kazi yote

Desemba ikikaribia, familia nyingi za mijini huanza kupanga safari ya kwenda kusalimia ndugu mikoani. Nguo hufungashwa, zawadi za bibi na babu hununuliwa, gari hujazwa mafuta. Kinachosahaulika ni kwamba maeneo mengi ya nchi huwa na mvua mwezi huo, na barabara nyingi za kwenda nyumbani zina milima.

Anayekwenda Iringa kutoka Dar es Salaam anaijua Kitonga. Wasambaa wanaijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto, na wanaopitia Singida kwenda Kanda ya Ziwa wanaijua Sekenke. Wakati wa kwenda Iringa, Kitonga hupandwa, na inayopata taabu ni injini. Mtihani wa breki ni siku ya kurudi, wakati familia imechoka, gari limejaa viazi na mahindi, na anayeendesha anawaza kazi ya Jumatatu.

Watanzania wanajua gharama ya mteremko wenye utelezi. Mei 6, 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Basi lilikuwa likiteremka, na ilikuwa siku ya mvua.

Gia ishike gari

Kosa la madereva wengi wa magari madogo ni kushuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Zikikandamizwa kwa kilomita kadhaa mfululizo, pedi hupata moto na kupoteza uwezo wa kushika. Mafuta ya breki nayo, hasa yaliyokaa muda mrefu na kuvuta unyevu, huweza kuchemka. Hapo dereva hukanyaga, pedali ikazama na gari lisishike.

Dawa ni kupunguza mwendo na kushusha gia kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko. Madereva wazoefu wana kanuni yao: gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Mwenye gari la otomatiki asiliache kwenye D tu. Asogeze kwenye 2 au L, au azime O/D kama gari lina kitufe hicho.

Injini ikishika gari, breki hubaki na kazi ndogo. Kanyaga kwa uhakika hadi mwendo upungue, achia zipoe, kisha rudia. Kuteremka gari likiwa nyutro ili kuokoa mafuta kunaziachia breki mzigo wote.

Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama mbali na kona, simama na uziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Lami ikilowa

Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kwenye lami kavu huhitaji zaidi ya mita 50 kusimama, tangu dereva aone hatari. Lami ikilowa, umbali huo huweza kuongezeka maradufu, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Gari likiwa na mzigo au tairi vipara, hali huwa mbaya zaidi.

Njia rahisi ya kupima nafasi ni kuhesabu. Gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu hadi nawe uifikie. Kwenye ukavu zisipungue sekunde 2, kwenye mvua zisipungue 4. Mvua za kwanza baada ya kiangazi zinahitaji uangalifu zaidi, kwani vumbi na oili iliyodondoka barabarani huchanganyika na maji na kuleta utelezi.

Ukiingia kwenye maji yaliyotuama na usukani ukawa mwepesi ghafla, tairi zimeanza kuelea. Achia mafuta taratibu, shikilia usukani ukiwa umenyooka, na usikanyage breki kwa nguvu. Maji yanayopita juu ya barabara kwa kasi yasijaribiwe. Kina cha sentimita 30 kinatosha kulisomba gari dogo.

Breki zikigoma

Usizime injini, kwa sababu usukani utakuwa mzito na unaweza kujifunga. Pampu pedali haraka haraka, shusha gia moja baada ya nyingine, kisha vuta breki ya mkono kidogo kidogo. Washa taa za hatari na upige honi ili wengine wakupishe.

Mzazi asiyeendesha

Mzazi anayekaa pembeni naye ana kazi. Kabla ya safari, ahakikishe fundi amekagua pedi, mafuta ya breki, tairi na waipa. Kila mtoto afungwe mkanda, na mdogo akae kwenye kiti chake. Mtoto asipakatwe, kwani gari likigonga, mikono ya mama haiwezi kumzuia.

Njiani asimkimbize dereva, na akiona mvua imezidi hadi mbele hapaonekani, aseme wasimame. Maneno hayo ni magumu kumwambia mume, shemeji au kaka mwenye gari, hivyo ni vyema wakakubaliana nyumbani kabla ya kuondoka kwamba yeyote akiomba gari lisimame, litasimama. Na ndugu wanaosubiri kijijini waambiwe mapema kwamba mtafika jioni, bila kutajiwa saa.