Maji ya Zamu katika Vijiji vya Sharqiyah

Atokaye Unguja au Tanga akafika Mudhayrib, kijiji cha mitende karibu na Ibra katika Sharqiyah ya Oman, hukuta kijani kilichokoza katikati ya nchi kavu isiyo na mto. Kinachoiweka hai mitende ile ni falaji, mfereji unaopita chini ya ardhi kutoka kisima mama mpaka mashambani, maji yakiteremka yenyewe bila ya pampu. Oman ina falaji zipatazo 3,000 zinazotumika hadi leo. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia, ikiwamo ya Daris pale Nizwa na ya Jela upande wa Sur.

Ukitaka kuwajua watu wa vijiji hivi, usianze na ngome ya Nizwa wala mnada wake wa mbuzi wa Ijumaa. Anza na maji. Yanapoibuka kijijini, watu huteka kwanza ya kunywa. Chini yake ni pa kutawadhia, kisha pa kuogea, wanaume kwao na wanawake kwao, ndipo yaende mashambani. Tajiri na maskini huufuata mpango huo huo.

Shambani maji ni ya zamu. Kipimo chake ni athar, kiasi cha nusu saa, na athar 24 hufanya bada moja, yaani saa kumi na mbili. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, na usiku kwa nyota zinavyochomoza. Sasa wengi hutazama saa ya mkono. Athar hurithiwa kama shamba, huuzwa, hukodishwa, huwekwa wakfu kwa msikiti au chuo cha Qurani. Nyingine ni za falaji yenyewe: wakili, yaani msimamizi wa falaji, huzipiga mnada, na fedha zake husafisha mfereji. Zamu ikiangukia saa nane za usiku, mwenyewe au bidari wake, yaani mtunza shamba, hushika taa, akaondoa jiwe na matambara yaliyoziba njia ya shamba lake, akaziba ya jirani. Wakati ukiisha, jirani naye yuko pale pale anangoja. Watu wanaosalimiana hivyo gizani, mwaka baada ya mwaka, ni vigumu kutengana.

Julai, joto likiwa kali kabisa, huja tabsili. Tende za aina ya mabsili hukatwa zingali za manjano, huchemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba kwa moto wa makuti na magogo ya mitende, kisha hutandazwa juani mpaka zikunjamane. Soko la tende hizi la miaka mingi ni India. Nyumba moja haiiwezi kazi hii, hivyo jamaa huitana.

Sikukuu nayo ina shuwa: nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa ndani ya vikapu vya makuti, ikafukiwa katika tanuri la shimo, mara nyingi moja kwa mtaa mzima. Kila nyumba hutia alama kikapu chake.

Katika vijiji hivi ndiko walikotoka watu wengi wa koo za Waharthi na Wabarwani waliokwenda Zanzibar na bara. Baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa tangu Oman ilipopata mtawala mpya 1970, wengi wa wajukuu wao walirudi, na Kiswahili kikaingia barazani pamoja na kahawa na tende.

Hatari ya leo naiona wazi. Visima vya pampu huvuta maji ya chini na kuzidhoofisha falaji, na vijana wamehamia Muscat kutafuta kazi, mashamba wakawaachia vibarua wa kigeni. Kwa hiyo wewe uliyeachiwa athar na babu, uwe Muscat, Dar es Salaam au London, muulize wakili wa kijiji chenu inatumiwa na nani. Kama huna haja nayo, usiiache ikapotea: iweke wakfu kwa matengenezo ya falaji.