Fahamu: Kujitolea nje ya nchi ni nini, na kwa nini kuna mjadala?

Ni kwenda nchi nyingine kufanya kazi ya jamii bila mshahara, kwa wiki chache au hata miaka miwili. Kazi mbili zinazovutia wengi ni kufundisha shuleni na kutoa elimu ya uhifadhi wa wanyamapori.

Chimbuko lake

VSO, shirika la kujitolea la Uingereza, lilianza mwaka 1958. Peace Corps, mpango wa kujitolea wa serikali ya Marekani, iliundwa 1961, na mwaka huohuo ikapeleka watu Ghana na Tanganyika. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alianzisha mpango wa vijana wa kutunza mazingira uitwao Roots & Shoots jijini Dar es Salaam na wanafunzi 12.

Wanaojitolea hufanya nini?

Darasani husaidia masomo kama Kiingereza, hesabu na sayansi. Vijijini karibu na hifadhi, huendesha klabu za mazingira na kueleza mbinu za kuishi na tembo, kama uzio wa mizinga ya nyuki uliofanyiwa majaribio nchini Kenya.

Hoja zinazobishaniwa

Wanaounga mkono hutaja ujuzi na urafiki wa mataifa. Wakosoaji husema mgeni wa wiki mbili huondoka kabla wanafunzi hawajamzoea, na baadhi ya wanaojitolea hufundisha bila kusomea ualimu. Usalama wa watoto nao huzua maswali.

Kabla ya kujiandikisha

Uliza ada inakwenda wapi, nani atakusimamia na kibali gani kinahitajika. Nchini Tanzania, wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C.