Fahamu: Nani Mwenye Kauli ya Mwisho Kuhusu Ardhi ya Kijiji?

Nchini Tanzania, halmashauri ya kijiji, yaani chombo cha uongozi kinachochaguliwa na wanakijiji, husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, lakini kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haiwezi kuigawa bila kibali cha mkutano mkuu, ambao ni mkusanyiko wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, si wenye mashamba pekee. Kibali hicho huthibitishwa kwa muhtasari wa mkutano huo, wenye saini za waliohudhuria, na hapo ndipo manung'uniko huzuka, kwa kuwa saini hizo zikikusanywa nyumba kwa nyumba hazionyeshi kwamba hoja ilijadiliwa. Mkazi anayeutilia shaka mradi wa mwekezaji anayeomba ardhi ya kijiji na aombe kwanza muhtasari huo usomwe hadharani, kabla mwekezaji huyo hajaonyeshwa mipaka.